Baba alisema tumepigwa

Jumapili iliyopita nilimpigia baba simu kama kawaida yetu. Shikamoo, marahaba, mvua ya huko, baridi ya huku, nani kaoa, nani kauza kiwanja. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelitunza wiki nzima: "Hivi mama, hicho chuma chenu cha kutengenezea jua, kinashika sumaku?"

Nikamjibu kinashika, tena vizuri tu.

Akanyamaza kidogo. "Basi mmepigwa."

Kwa wasiomjua: baba ana kibanda cha welding Gerezani, Dar es Salaam, na ameshika fimbo ya welding tangu mimi sijazaliwa. Pembeni ya mlango wa kibanda kuna msumari, na kwenye msumari inaning'inia sumaku ya spika aliyoing'oa kwenye redio mbovu, imefungwa waya wa shaba. Ile ndiyo mahakama yake. Kijana akija na kiroba cha vyuma akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni stenlesi tupu, baba habishani naye. Anaishusha sumaku, anaizungusha taratibu juu ya kila kipande kama mtu anayenusa. Isiponasa, wanaongea bei. Ikinasa, kipande kinatupwa upande wa pili na bei inaanguka nacho.

Na si mjinga. Anajua kwamba sinki la stenlesi safi kabisa linaweza kunasa kidogo kwenye kona, pale lilipokunjwa. Nilipokuwa darasa la tano nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Chuma kikikunjwa kinakasirika." Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu akatueleza kwamba stenlesi ya 304 ikikunjwa ikiwa baridi, sehemu ya atomu zake hujipanga upya na kuwa martensaiti, na martensaiti ina usumaku. Darasa zima likaandika. Mimi nikaandika pembeni ya daftari: inakasirika.

Kwa hiyo sheria ya baba ina miguu. Stenlesi nzuri za mtaani, 304 na 316, zina nikeli kuanzia kama asilimia 8 kwenda juu, na hiyo nikeli inazipanga atomu kwa namna ambayo usumaku wa chuma haupati pa kusimama. Halafu kuna 430, yenye kromiamu asilimia 16 hadi 18, na nikeli yake si ya kuhesabu. Vijiko vingi vya bei poa ni 430. Inang'aa, haina haraka ya kushika kutu, lakini sumaku inainasa kama msumari. Baba anaiita "stenlesi jina". Ikumbukeni hiyo, nitairudia.

Sasa kazi yangu. Niko kwenye maabara moja kusini mwa Ujerumani, fundi sanifu. Profesa anafikiri, mimi nakata vipande, nasugua, napima, naandika namba. Vipande ninavyopima usumaku mara nyingi ni vya chuma kiitwacho Eurofer 97. Ndicho Ulaya inachokitayarisha kwa ajili ya kuta za ndani za mitambo ya fyusheni, ile ya kuunganisha viini vya atomu kama linavyofanya jua. Ndiyo maana baba anasema tunatengeneza jua. Nimeshindwa kumrekebisha na sasa nimeacha.

Wasiwasi wake lakini ni wa haki, tena wahandisi wakubwa walikuwa nao kwa miaka mingi. Mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, umekusudiwa kushika plazma, yaani gesi iliyopata moto mpaka elektroni zikaachana na atomu zake, yenye joto la nyuzi milioni 150. Hakuna sufuria ya kubeba moto huo, kwa hiyo plazma inaning'inizwa hewani kwa uga wa sumaku, ndani ya chombo chenye umbo la donati. Koili kubwa 18 zimeizunguka donati hiyo, kila moja ikiwa na urefu wa mita 17, na katikati ya plazma uga wake utakuwa tesla 5.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Sumaku ya dunia, ile inayogeuza dira pale Dar, haifiki hata sehemu moja ya laki moja ya hiyo. Na uga wenyewe lazima ukae sawasawa, usiyumbe. Sasa nani mwenye akili timamu aingize humo ndani tani na tani za chuma kinachonasa sumaku?

ITER yenyewe haikuingiza nyingi. Chombo chake kimejengwa kwa aina ya 316, ya kisomi zaidi kuliko ya Gerezani lakini ukoo ni mmoja, na sumaku ya baba isingeigusa. Shida ni kinachokuja baada ya ITER. Kila mara deuteriamu na tritiamu, zile hidrojeni mbili nzito, zinapoungana, inatoka nyutroni yenye nguvu ya megaelektronivolti 14.1. Nyutroni haina chaji, haisikii sumaku wala amri, inakwenda moja kwa moja ukutani na kuzigonga atomu za chuma kutoka mahali pake. Katika maisha yote ya ITER, kila atomu ya ukuta wa mbele itang'olewa kama mara tatu hivi. Kwenye mitambo ya kuzalisha umeme hasa, hesabu inapanda hadi makumi ya mara.

Stenlesi haivumilii kipigo hicho. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walichapisha picha za stenlesi iliyokaa ndani ya mtambo wa nyuklia wa Dounreay, kaskazini mwa Scotland: ndani ya chuma kulikuwa na vitundu vidogo sana, visivyoonekana ila kwa hadubini ya elektroni. Chuma kilikuwa kinavimba kama andazi. Ukishakata andazi lililoumuka vizuri ukaona ndani yake, umeshaiona picha ile. Na bomba lililovimba kwenye mtambo uliopimwa kwa milimita, huna pa kulipeleka.

Vyuma vya kromiamu asilimia 8 au 9, visivyo na nikeli, atomu zake zimejipanga vingine, na kuvimba huko kwao ni kudogo sana. Vina faida nyingine pia: vinapitisha joto vizuri zaidi na havitanuki sana vikipata moto. Halafu kuna jambo la uchafu. Nyutroni zinaigeuza nikeli, molibdenamu na niobiamu kuwa vitu vyenye mnururisho wa muda mrefu. Kuna aina moja ya niobiamu ambayo nusu yake tu inachukua miaka 20,000 kuisha. Kwa hiyo wapishi wa chuma wakabadilisha viungo. Molibdenamu ikatoka, ikaingia tangsteni. Niobiamu ikatoka, ikaingia tantalamu. Eurofer 97 ikapatikana: kromiamu asilimia 9, tangsteni asilimia 1 na kitu, chembe za vanadiamu na tantalamu, kaboni asilimia 0.11. Wajapani wana F82H, Wachina wana CLAM. Ni ndugu wa baba mmoja, na lengo ni kwamba baada ya kama miaka 100 ya kupoa chuma hicho kiweze kushikwa na kutumika tena badala ya kufukiwa milele.

Na ndugu wote hao wananasa. Hakuna aliyepigwa, baba. Walichagua wakijua.

Wanalipia nini? Kwanza, nguvu ya kuvutwa. Jioni moja nilikaa na kalamu nikaipiga hesabu mwenyewe, kwa sababu namba za kwenye ripoti haziniingii mpaka nizipike. Chuma hiki kikishiba, yaani usumaku wa atomu zake zote umeshaelekea upande mmoja, kinatoa kama tesla 1.8. Ndani ya uga wa ITER kinakuwa kimeshashiba zamani. Uga nao una nguvu zaidi upande wa ndani wa donati kuliko nje, na chuma kilichoshiba kinavutwa kuelekea kwenye nguvu. Nikachukua kipande kilichowekwa mita 8.2 kutoka katikati ya mtambo, upande wa nje: kinavutwa kwa nguvu kama mara tisa ya uzito wake. Nikakihamishia upande wa ndani, mita 4.1: zaidi ya mara 30. Kipande cha kilo moja kinakuwa kama kimefungwa robo tatu ya mfuko wa saruji wa kilo 50, na uzito huo hauendi chini, unakwenda ubavuni, kuelekea katikati ya donati. Vishikizo vya ukuta vinatakiwa viujue mzigo huo kabla plazma haijawaka, maana koili zikishawashwa tu, mvuto umeanza.

Kuna anayeuliza, si joto litaua usumaku? Baba alinifundisha jibu kabla sijaenda shule. Alipokuwa akitia makali patasi, aliipasha hadi ikawa nyekundu, kisha anaisogezea sumaku ya spika. Ikiwa bado inanasa, inarudi motoni. Ikiacha kunasa, haraka kwenye oili chafu, chwaaa. Ile sehemu ambapo chuma husahau usumaku inaitwa joto la Curie, na kwa chuma tupu ni nyuzi 770. Eurofer inafanya kazi kati ya kama 300 na 550. Usumaku unapungua humo, haupotei. Huwezi pia kukipasha zaidi ili usahaulike, kwa sababu juu ya 550 chuma chenyewe kinaanza kulegea.

Sasa nirudi kwenye ile 430, kwa sababu hapa ndipo nilipocheka peke yangu maabara.

Koili 18 zilizopangwa mduara zina nafasi katikati yake. Chini ya koili uga una nguvu, kwenye nafasi unalegea, chini ya koili nguvu tena, hivyo hivyo mduara mzima. Ni kama uzio wa miti: usiku huoni tatizo, asubuhi kuku wako kwa jirani. Chembe za heli zinazozaliwa na fyusheni, zile zenye kasi ambazo kazi yake ni kuifanya plazma ibaki na moto, zinaweza kuchomokea kwenye mianya hiyo na kwenda kuunguza ukuta. Dawa ilikuwa nini? Chuma cha sumaku. Ukiwa na sumaku ya pau, kwenye ncha zake inaongeza uga ule ule inaoufuata, lakini ubavuni inaupinga. Basi wakachukua mabamba ya chuma kinachonasa, wakayapanga ndani ya ukuta wa chombo, ule wenye tabaka mbili, chini ya koili, upande wa nje. Uga unayashibisha mabamba, mabamba nayo ubavuni mwake yanapunguza uga pale pale ulipokuwa umezidi. Mawimbi yanatulia. Hakuna umeme wa kulipia, hakuna swichi wala fyuzi ya kuungua.

Na mabamba hayo ni ya nini? SS430. Yametengenezwa India, yakafungwa ndani ya mashine ambayo nchi nyingi zimechangia kuijenga. Stenlesi jina. Yale yale ya vijiko.

Wajapani walikuwa wameonja kabla. Kwenye mashine yao ndogo ya JFT-2M, pale Tokai, walifika mpaka kuvisha ndani ya chombo mabamba ya F82H, na plazma ikaendelea vizuri tu. Kisha JT-60U, pale Naka, ikawekewa vigae vya chuma kinachonasa kabla haijazimwa mwaka 2008, na chembe za kasi zilizokuwa zikipotea zikapungua. Sina mengi ya kuongeza hapo. Ni kazi safi ya watu makini.

Chuma kikikaa mahali pasipo na ulinganifu, hapo mambo yanabadilika. ITER itafanyia majaribio vipande vya blanketi, ile sehemu ya kuzalishia tritiamu, vilivyotengenezwa kwa vyuma vya ukoo huu, na vitakuwa kwenye madirisha machache tu, si mduara mzima. Mwaka 2009 kule San Diego, kwenye mashine ya DIII-D, waliingiza koili za kuiga usumaku wa kipande kama hicho, wakaongeza dozi kuliko ITER itakavyopata. Kilichoumia zaidi ni mzunguko wa plazma: ilipunguza kasi waziwazi. Tangu hapo uzito wa chuma ndani ya kila kipande cha majaribio unahesabiwa kwa ubahili, kama tani 1.3 na si zaidi.

Sitaki mdhani huku ni ushindi kila siku, kwa hiyo niwape aibu yangu.

Mashine yangu ya kupimia usumaku ina kijiti kirefu, na kwenye ncha ya kijiti nabandika kipande kisichozidi punje ya mchele. Kijiti kinatikisika juu-chini katikati ya sumaku kubwa, koili za pembeni zinasikiliza, na kompyuta inachora mstari. Chuma kinachonasa kinachora kitanzi, kwa sababu ukiondoa uga kinabaki na kumbukumbu, na ukiurudisha kinagoma kidogo. Stenlesi ya 316 inatakiwa ichore mstari ulionyooka, umelala karibu chini kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa vipande vitatu vya 316. Vyote vikachora vitanzi. Vyembamba, lakini vitanzi. Moyo ukanidunda, nikajiona nimegundua kitu. Nikaandika barua pepe ndefu, na grafu tatu za rangi, nikawatumia watu sita.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa hapo kabla ya kila mtu, akaja mezani kwangu na kikombe chake cha chai. Hakuangalia grafu. Akauliza: ulikata kwa nini? Nikamwonyesha msumeno. Ulisugua kwa nini? Nikamwonyesha tupa. Ulishika kwa nini? Nikamwonyesha koleo. Vyote vya chuma cha kawaida, na koleo lilikuwa limenasa unga wa chuma kwenye meno yake kama ndevu. Akanywa chai.

Nikavitumbukiza vipande kwenye asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji, dakika chache, nikasuuza, nikapima tena. Mistari ikanyooka. Nilichokuwa nimekigundua ni uchafu wa msumeno. Watu sita wakapata barua pepe ya pili, fupi. Siku hizi nina koleo la titani, na asiyeniomba ruhusa halishiki.

Kile kitanzi kwenye Eurofer, lakini, ni mali halisi. Upana wake unaongea. Chuma kikiwa kigumu ndani, kimejaa mikunjo na vizuizi, kitanzi kinapanuka, kwa sababu usumaku unapata taabu kugeuka. Ukikipa moto wa pili vizuri, na kwa Eurofer ni nyuzi 760 kwa saa moja na nusu hivi, kinatulia na kitanzi kinabana. Kiungo cha welding kisichopewa moto wa pili kinachora kitanzi kipana. Nakijua kabla sijaambiwa. Nyutroni nazo zinakifanya chuma kuwa kigumu, hasa chini ya nyuzi 350, kwa hiyo kuna matumaini kwamba siku moja utasogeza kifaa karibu na ukuta usioweza kuguswa na mkono wa mtu, usome usumaku wake, ujue umezeeka kiasi gani bila kukata kipande. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote pale. Ni sumaku ya spika yenye digrii.

Haya yote nilimweleza baba Jumapili ile, kwa maneno machache zaidi na salio kidogo. Alisikiliza. Habari ya 430 ilimchekesha mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na siku likipasuka bomba humo ndani, mtachomea vipi?"

Nikamuuliza ana maana gani.

Akanikumbusha kazi moja ya zamani, mabomba mazito yaliyokuwa yameachwa na usumaku baada ya kunyanyuliwa kwa kreni ya sumaku. Kila akiwasha, moto ulikuwa unakimbilia pembeni, unalamba ukuta mmoja wa mfereji na kuuacha wa pili mkavu. Fimbo tatu zikaharibika. Mwishowe alizungushia bomba kebo ya welding yenyewe, mizunguko saba au minane, akapitisha umeme kinyume, akigeuza upande wa kuzungusha mpaka sumaku ya ndani ikafa na moto ukasimama wima. "Na hilo lilikuwa bomba limeguswa na kreni tu," akasema. "Lenu limekaa kwenye sumaku miaka."

Nilibaki na simu sikioni. Hayo mambo yameandikwa na watu wenye majina marefu, na nimewahi kuyasoma: vyuma vya kromiamu asilimia 9 vinajulikana kwa kubaki na usumaku na kumsumbua fundi. Nikamwambia mpango wa mitambo ijayo ni kuchomea mabomba kwa leza, kwa roboti inayoingia ndani ya bomba lenyewe, na leza ni mwanga, hausukumwi na sumaku.

Akafikiri. Nyuma yake nilisikia grenda, na mtu akiita "Mzee, huyu hapa na kiroba chake."

"Hiyo leza," akasema, "inauzwa bei gani?"

Nikamwambia nitamuulizia.